Nani Ameshika Orodha?

Tarehe 28 Aprili 1994, askari wa Tanzania waliokuwa zamu kwenye daraja la Rusumo, wilayani Ngara, waliona ng'ambo ya Mto Kagera barabara imejaa watu hadi upeo wa macho. Wanyarwanda walikuwa wanakuja na magodoro kichwani, masufuria, baiskeli, mbuzi, na watoto mgongoni. Ndani ya saa 24 hivi walivuka watu wapatao 250,000. Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, UNHCR, lilikuwa halijawahi kuona umati mkubwa kiasi hicho ukivuka mpaka kwa muda mfupi namna ile. Waliobeba silaha waliamriwa kuziacha, na picha zilizopigwa siku zile zinaonyesha marundo ya mapanga pale mpakani. Chini ya daraja, mto ulikuwa ukiteremsha maiti kuelekea Ziwa Victoria.

Kambi ilifunguliwa Benaco, na kwa siku chache pori lile la Ngara likawa na wakazi wengi kuliko miji mingi ya Tanzania ya wakati huo. Wageni hawakuja wametawanyika. Walikuja komini kwa komini, yaani kwa maeneo yao ya utawala, kila komini na viongozi wake, wamekaa kwa mpangilio uleule wa nyumbani. Kwa mtu aliyeagizwa kugawa mahindi na maharage kwa robo milioni ya watu kabla giza halijaingia, hilo lilionekana kama neema. Viongozi wapo, wanawajua watu wao, basi waandike majina na wapewe chakula wakagawe. Ndivyo ilivyofanyika.

Miongoni mwa viongozi hao alikuwamo Jean-Baptiste Gatete, aliyewahi kuwa mkuu wa komini ya Murambi. Habari za alichokifanya kwao Rwanda zilimfuata hadi kambini. Mwezi Juni, ilipojaribiwa kumwondoa Benaco, maelfu ya wakimbizi walijitokeza kumkingia kifua, na wafanyakazi wa misaada wakajikuta wamezingirwa. Ilimchukua dunia miaka mingi kumfikia. Mwaka 2011 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyokuwa ikiketi Arusha, ilimtia hatiani kwa mauaji ya kimbari. Mwaka uliofuata rufani ilimpunguzia kifungo cha maisha kuwa miaka 40.

Neno "uratibu" ukilisikia kwenye redio unaweza kudhani ni mambo ya ofisini: vikao, chati ukutani, magari meupe yamepangwa nje. Kwa mama aliyelala nje siku tatu huku mtoto anaharisha, uratibu ni maswali mawili. Jina langu limeandikwa? Na hawa waliokuja kutusaidia, wanajuana, au watatu wataleta mablanketi na hakuna atakayeleta maji? Maswali yote mawili yanahusu orodha: orodha ya wanaosaidiwa na orodha ya wanaosaidia. Kwa zaidi ya miaka 30, nchi zetu za Maziwa Makuu zimekuwa darasa la dunia kuhusu orodha hizi mbili, na karo ya darasa hilo imelipwa kwa roho za watu.

Malipo makubwa kuliko yote yalifanyika Goma. Katikati ya Julai 1994, katika muda wa siku nne au tano, watu kati ya laki tano na laki nane, na wengine wanasema hadi milioni moja, walivuka kutoka Gisenyi, Rwanda, na kuingia mji huo wa Zaire, Kongo ya leo, ulioko ukingoni mwa Ziwa Kivu, chini ya mlima Nyiragongo. Goma imejengwa juu ya lava iliyopoa. Ni mwamba mweusi, mkali kama vigae vilivyovunjika, na jembe halizami. Choo cha shimo hakichimbiki, kaburi nalo halichimbiki. Kipindupindu kililipuka ndani ya wiki ya kwanza. Maiti zilikunjwa ndani ya mikeka na kulazwa kando ya barabara, familia zikiendelea na safari, hadi wanajeshi wa Ufaransa walipoleta matingatinga ya kufukia. Utafiti wa kitabibu uliochapishwa mwaka 1995 ulikadiria kwamba karibu watu 50,000 walikufa katika mwezi wa kwanza.

Ziwa Kivu lilikuwa palepale, limejaa maji. Lakini kambi ya Kibumba ilikuwa zaidi ya kilomita 20 kaskazini mwa mji, mahali pasipo hata kijito, na malori ya maji yalikuwa ya kuhesabika. Katika wiki ile ya kwanza, maji yaliyosafishwa yalikuwa wastani wa lita 0.2 kwa mtu kwa siku. Hiyo haifiki hata glasi moja kamili. Mgonjwa wa kipindupindu anaweza kupoteza lita kadhaa ndani ya saa chache, na tiba yake haina siri: arudishiwe maji na chumvi haraka, kwa kunywa au kwa dripu. Mashirika yalimiminika Goma kwa makumi, baadhi yakiwa na uzoefu wa miaka mingi, mengine yakiwa na huruma tupu. Kulikuwa na waliofika bila kujua kutibu kipindupindu, na waliotundika bendera zao kwenye eneo ambalo tayari lilikuwa na watu watatu wa kazi hiyohiyo, huku Kibumba ikisubiri maji. Hakuna aliyekuwa na mamlaka ya kumwambia mwenzake, "Wewe toka hapa, nenda kule." Orodha ya wanaosaidia haikuwapo.

Orodha ya wanaosaidiwa ilikuwapo, na hapo ndipo moyo unauma zaidi. Ilishikwa na maofisa wa serikali iliyoangushwa, wanajeshi wake na wanamgambo wa Interahamwe, watu waliokuwa wametoka kusimamia mauaji ya kimbari. Wao ndio waliotaja idadi ya watu wao, wao ndio waliopokea magunia, na wao ndio walioamua nani ale. Idadi waliyotaja ilizidi watu waliokuwapo. Kilichozidi kiliuzwa, na fedha zikarudi kwenye jeshi lililokuwa linajipanga kuvamia Rwanda upya. Chini kabisa ya ngazi hiyo walikuwa wanawake wasio na mume wala kaka wa kuwasemea. Utafiti uleule wa 1995 ulikuta watoto wa kaya zilizoongozwa na wanawake wamo katika hatari kubwa zaidi ya utapiamlo kuliko wa jirani zao. Chakula kilifika Goma kwa ndege na kwa malori, kisha kikashindwa kuvuka hatua 50 za mwisho, kutoka kwa mkuu wa komini hadi kwenye chungu cha mjane.

Mnamo Novemba 1994 tawi la Ufaransa la Madaktari Wasio na Mipaka lilijiondoa kwenye kambi hizo, likisema haliwezi kuendelea kuwalisha wauaji. Wengine walibaki, wakisema mtoto wa kambini hana hatia ya kuachwa afe. Nimeusoma mjadala huo mara nyingi, na kila mara naona kila upande una haki. Ninachokiona wazi ni kwamba uamuzi uliozaa balaa ulifanywa miezi kadhaa kabla, siku ile mtu mmoja mwenye haraka na nia njema alipompa mkuu wa komini kalamu na karatasi.

Nchi wafadhili ziliagiza tathmini ya pamoja ya msaada wote wa Rwanda, ikatoka mwaka 1996, na haikumung'unya maneno. Ilisema mashirika ya misaada yaliachiwa pengo ambalo lilipaswa kujazwa na maamuzi ya kisiasa. Ilisema pia kwamba vifo vingi vingeepukika kama kazi ingepangwa. Kutokana na aibu hiyo vikazaliwa viwango vinavyoitwa Sphere, vilivyoanza kutayarishwa mwaka 1997, na hadi leo mtu wa misaada anavikariri kama mwanafunzi anavyokariri jedwali la kuzidisha: lita 15 za maji kwa mtu kwa siku, choo kimoja kwa watu wasiozidi 20, mita za mraba 3.5 za kulala chini ya paa, kilokalori 2,100 za chakula. Ukisimama kambini popote duniani ukaona foleni ya bombani imepangwa ili bomba moja lisihudumie zaidi ya watu 250, ujue nyuma ya hesabu hiyo wako wafu wa Kibumba.

Kwa upande wa wanaosaidia, Umoja wa Mataifa ulikuwa umeunda nafasi ya mratibu mkuu wa dharura tangu Desemba 1991, na ofisi yake ikapewa jina la OCHA mwaka 1998. Lakini mabadiliko anayoyaona mtu wa chini yalikuja mwaka 2005, kazi ilipogawanywa kwa sekta, kila sekta na mwenyewe. Watu wa kazi hiyo huziita klasta. UNICEF hujibu kuhusu maji na vyoo, Shirika la Afya Duniani kuhusu matibabu, Mpango wa Chakula Duniani kuhusu usafirishaji, UNHCR kuhusu ulinzi. Kongo ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kuujaribu utaratibu huo.

Kikao cha klasta hakina mvuto wa kupigiwa picha. Mtu anasoma jedwali: nani yuko wapi, anafanya nini, hadi lini. Shirika moja linasema lina matangi matatu ya plastiki ya lita 10,000. Jingine linasema barabara ya kwenda huko imekatika tangu juzi. La tatu, ambalo ni la wenyeji, lina vijana kumi wanaokaa kijiji hichohicho na wanaweza kufika kwa miguu, ila halina fedha ya betri za redio. Kikao kikienda vizuri, wale watatu wanatoka mlangoni na kazi moja. Vingi haviendi vizuri. Vinaendeshwa kwa lugha ya wafadhili, Kifaransa ama Kiingereza, na mwenyeji anayejua jina la kila mto anakaa nyuma akisikiliza. Mwaka 2016, mjini Istanbul, wafadhili na mashirika makubwa waliahidi kwamba kufikia 2020 angalau robo ya fedha ingekwenda kwa mashirika ya wenyeji kwa njia ya moja kwa moja kadiri iwezekanavyo. Mwaka 2020 ulifika na ahadi ilikuwa mbali sana na kutimia. Nalisema hili kwa uchungu, maana vijana wale kumi wa kijijini ndio wanaobaki bomu la kwanza likianguka, wakati magari meupe yameagizwa kuondoka.

Sisi Watanzania tuna mfano wetu wa mwaka 2015, na sidhani kama tumeusimulia vya kutosha. Rais Pierre Nkurunziza alipotangazwa kugombea muhula wa tatu mwishoni mwa Aprili mwaka huo, Warundi walianza kukimbia, na maelfu walifikia Kagunga. Kagunga ni kijiji cha wavuvi mpakani kabisa, kimebanwa kati ya Ziwa Tanganyika na mlima, na wakati huo hakikuwa na barabara ya gari. Wakazi wake walikuwa kama 11,000. Katika wiki chache za Mei wageni waliolala ufukweni, chini ya miembe na kwenye veranda za watu walifikia makumi ya maelfu. Vyoo vikafurika. Kipindupindu kikaingia, na hadi wiki ya tatu ya Mei wagonjwa walikuwa wapatao 3,000 na waliofariki zaidi ya 30, Watanzania wakiwamo.

Hapo ndipo ilipoitwa Liemba. Meli ile iliundwa Ujerumani mwaka 1913, ikafunguliwa na kuletwa Kigoma kwa makasha, ikaunganishwa upya, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916 ili Waingereza wasiipate, ikaibuliwa, na kuanzia 1927 ikawa inabeba abiria na dagaa wa ziwa lile. Sasa ilipewa abiria ambao hawakukata tiketi. Kwa kuwa Kagunga haina gati, meli ilisimama mbali, na wavuvi wakawa wanawasogeza watu kwa mitumbwi, wazee wakivutwa mikono kupandishwa. Ilichukua kama watu 600 kwa safari. Walishushwa Kigoma, wakapelekwa Uwanja wa Lake Tanganyika kuoga, kunywa maji safi, kupimwa na kuandikishwa, kisha mabasi yakawapeleka Nyarugusu, wilayani Kasulu.

Ukiutazama mnyororo ule pingili kwa pingili, utaona kila mtu amefanya kile anachokiweza. Mvuvi alikuwa na mtumbwi. Serikali ilikuwa na meli na uwanja wa mpira. Mashirika ya kimataifa yalikuwa na dripu, klorini na mabasi ya kukodi. Kijiji kilikuwa na viongozi waliojua nyumba ipi ina wageni wangapi. Hakuna aliyekuwa na vyote, na hakuna aliyengoja mpaka apate vyote. Uandikishaji haukuwekwa mikononi mwa kiongozi yeyote wa wakimbizi. Ulifanyika baada ya kila familia kushuka melini, ana kwa ana, mama akitaja majina ya watoto wake mwenyewe. Kipindupindu kilidhibitiwa katika muda wa wiki chache. Vifo vile zaidi ya 30 ni vingi, kila kimoja kina mama yake. Lakini aliyeisoma Goma ya 1994 anajua ilibaki kidogo tu mambo yawe vingine.

Orodha nzuri nayo huoza. Mwaka 2020 ilifahamika hadharani kwamba mashariki mwa Kongo, kwa miaka kadhaa, baadhi ya wafanyabiashara, viongozi wa mitaa na wafanyakazi wa misaada walikuwa wameshirikiana kuandikisha wakimbizi wasiokuwapo. Tahadhari ilitumwa kwamba maelfu wamekimbia kijiji fulani. Walikuwa wamekimbia kweli, lakini mamia. Fedha taslimu zililetwa kwa hesabu ya maelfu, na tofauti ikagawanywa. Mpango wenyewe ulikuwa mzuri: badala ya kumletea mtu sufuria, mpe fedha au kuponi achague mwenyewe sokoni, kwani huenda sufuria anayo na anachohitaji ni dawa. Naogopa sana watu wanaotumia kisa hicho kusema misaada yote ni wizi. Walioibiwa hapo ni wakimbizi. Jina hewa likiingia, kuna jina la mtu wa kweli linalotolewa, na mara nyingi ni la yule asiye na cha kutoa. Wanawake katika makambi mengi wameeleza kile walichoombwa ili majina yao yaandikwe. Sitakisimulia hapa, kila msomaji anakielewa.

Sasa turudi Goma, maana vita vimerudi Goma. Kundi la waasi la M23, lililowahi kuuteka mji huo kwa siku chache mwaka 2012, liliibuka tena na tangu 2022 likawa linasonga. Vijiji vya Rutshuru na Masisi vikamwagika kuelekea mjini. Yakachipuka makambi ambayo majina yake wasikilizaji wa redio wameyazoea: Kanyaruchinya, Bulengo, Lushagala, Rusayo. Mugunga, iliyokuwa kambi kubwa ya Wanyarwanda mwaka 1994, ikapokea tena watu, safari hii Wakongo waliokimbia ndani ya nchi yao wenyewe. Watu wa Goma huwaita wadeplase, neno walilolichukua kwenye Kifaransa na kulivisha Kiswahili. Turubai wanaliita bashi. Karatasi ndogo au kibao cha plastiki kinachothibitisha kuwa umeandikwa wanakiita jetoni, na jetoni hiyo huwekwa kwenye mfuko wa plastiki, hufungwa kwenye pindo la kitenge, hulalwa nayo. Kufikia mwisho wa mwaka 2024 zaidi ya watu nusu milioni walikuwa wakiishi katika makambi hayo, juu ya mwamba uleule usiochimbika. Wanawake waliotoka kwenda kutafuta kuni katika hifadhi ya Virunga walibakwa kwa idadi ambayo madaktari walishindwa kuizoea. Mei 2024 mabomu yaliangukia makambini kwenyewe, Mugunga na Lac Vert, yakaua watu zaidi ya kumi, watoto wakiwamo.

Kisha ikaja Januari 2025. Tarehe 20 Rais wa Marekani alisaini amri ya kusimamisha misaada ya nje. Nchi yake ndiyo iliyokuwa imelipia karibu asilimia 70 ya msaada wa kibinadamu wa Kongo mwaka uliotangulia. Tarehe 27 M23 wakawa ndani ya Goma. Maghala ya chakula na dawa yaliporwa. Uwanja wa ndege ukafungwa. Umeme ulikatika, pampu za maji zikasimama, na watu wakarudi ziwani na madumu, kama mwaka 1994. Katika hospitali ya Ndosho majeruhi walilazwa kwenye korido na mahemani. Wiki mbili baadaye walioushika mji waliwaambia wadeplase wafungashe warudi kwao, na muda waliopewa ulikuwa saa 72. Bulengo ilibomolewa kwa mikono ya wakazi wake wenyewe, kila mmoja akiokoa bashi yake na miti yake. Waliokuwa na pa kurudi walirudi, baadhi wakikuta nyumba haina paa na shamba halina mbegu. Kusini zaidi, Bukavu nayo ilipotekwa, maelfu walivuka Mto Rusizi na kuingia Burundi, wengine kwa kuogelea, wakapokelewa kwenye uwanja wa mpira wa Rugombo. Warundi waliowahi kushushwa Uwanja wa Lake Tanganyika kule Kigoma wangeitambua picha ile mara moja.

Orodha za miaka mitatu zilifutika kwa amri moja, kwa sababu zilikuwa orodha za makambi. Jetoni ya Bulengo ilikuwa na maana Bulengo tu. Na hili limenifanya niamini kitu ambacho watu wa Kivu wamekuwa wakikisema muda mrefu, kwamba tunaandikisha watu mahali pasipo penyewe. Katika Kongo, waliokimbia walio wengi hawajawahi kukaa kambini. Wanakaa kwa shangazi, kwa mtu wa kanisa lao, kwa mtu aliyewahi kununua ndizi kwao. Nyumba ya vyumba viwili inalaza watu 14. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huko Goma mgeni amekaa miaka na hakuna shamba la kumpa jembe, na bado mwenyeji hajamfukuza. Mwenyeji huyo haonekani kwenye chati yoyote ya kikao. Ndiye mfadhili mkubwa kuliko wote mashariki mwa Kongo, na anachangia nusu ya sombe yake, yaani kisamvu.

Kuna kitu ambacho Kivu na sisi tunakijua kwa jina lilelile: nyumba kumi. Kwetu utaratibu huo ulianza enzi za TANU, na hadi leo mtu akifiwa usiku, wa kwanza kugongewa mlango ni balozi wa nyumba hizo. Goma na Bukavu nako yupo mkuu wa nyumba kumi, na ukimuuliza atakwambia nyumba ya tatu imepokea mama mjamzito na watoto wanne juzi, wametokea Kitshanga. Sisemi apewe kalamu peke yake. Benaco ilitufundisha malipo ya kumwachia kiongozi mmoja kalamu, na wakuu wa mitaa nao wametajwa katika wizi ule uliofichuka mwaka 2020. Lakini kumruka, na kuleta kishikwambi cha kuchukua alama za vidole vya watu bila kumuuliza mtu anayejua nani amefika juzi na nani amezaliwa hapo, ni kuchagua upofu kwa gharama kubwa.

Kipo kitendo kimoja cha zamani, hakihitaji umeme wala intaneti, ambacho mashirika makini hukifanya na mengine huruka kwa sababu kinachukua siku nzima. Baada ya majina kuandikwa nyumba kwa nyumba, watu wa mtaa huitwa, wenyeji na wageni pamoja, wakaketi chini kwenye uwanja wa shule au wa kanisa. Orodha husomwa kwa sauti, jina baada ya jina, na kila anayetajwa husimama. Jina linatajwa, anasimama mzee na fimbo yake. Linatajwa jingine, kimya. Watu wanatazamana, kisha mwanamke mmoja anasema huyo hatumjui, hakuna mtu wa jina hilo hapa. Linakatwa mbele ya wote. Linatajwa jingine, anasimama binti na mdogo wake. Wakimaliza kusoma, anayeshika karatasi anauliza kama yuko ambaye hakutajwa, na anangoja. Huwa kuna mtu nyuma kabisa, mara nyingi mwanamke, ambaye hakutaka kujisemea. Jirani yake anamshika mkono na kumwinua.